Shajara ya mradi: mhubiri akipotea katikati ya mahubiri, anarudije?

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Hii ni shajara ya kazi tuliyoanza mwanzo wa mwaka 2024 kwenye mitaa yetu ya Kilutheri (mtaa kwetu ni tawi la usharika) huku kati ya Arusha mjini na Monduli. Sisi ni wahubiri walei, yaani wainjilisti, wazee wa kanisa na vijana wachache wanaopangiwa zamu ya neno. Tatizo kila aliyewahi kusimama mimbarini analijua: unaongea vizuri, watu wametulia wanakusikiliza, halafu maneno yanakatika na hujui kabisa ulikuwa unaelekea wapi. Wengine wameacha kuhubiri kwa sababu ya hiyo dakika moja, na hao ndo walionisukuma, kwa sababu ni watu wenye neno na kanisa linawahitaji. Nitaongeza kila hatua ikiisha, na gharama nitaweka, mtaa mwingine ukitaka kuiga usianze sifuri.

14 Januari 2024: kusikiliza kwanza

Kabla ya kuleta dawa tulikubaliana tujue ugonjwa uko wapi. Kila mhubiri aliyekubali tulimrekodi kwa simu, simu imewekwa tu pembeni ya mimbari, baadae tunakaa naye tunasikiliza halafu rekodi inafutwa. Hilo la kufuta lilikuwa sharti, bila hilo hakuna mzee angekubali.

Tulichosikia kilitushangaza. Hakuna hata mmoja aliyepotea katikati ya kisa. Mtu akishaanza kusimulia mwana mpotevu au Daudi na Goliathi anafika mwisho bila shida, hata mtoto alie hata bodaboda ipite. Watu wanapotea kwenye maungio, pale unapomaliza hoja moja unataka kuingia nyingine. Sehemu ya pili ni kwenye "tufungue pia Warumi", unawapeleka watu Warumi, mnasoma, unaeleza Warumi, halafu unainua macho na huwezi kurudi ulikotoka. Ya tatu ni baada ya kukatishwa na kitu cha nje.

Na kuna zile njia za kujiokoa tunazotumia wote: kurudia "Bwana Yesu asifiwe" mara kadhaa, "mwambie jirani yako", au kuanzisha pambio. Sina ugomvi nazo, zina kazi yake kwenye ibada na zinakupa muda wa kupumua. Ila kwenye rekodi ilionekana wazi kwamba zinakupa muda tu, kukurudisha hazikurudishi, pambio likiisha bado umesimama pale pale.

28 Januari: kuandika kila neno (imeshindikana)

Jaribio la kwanza lilikuwa rahisi, andika mahubiri yote, soma. Kwa wale waliozoea kusoma kwa sauti mbele za watu labda ingefaa, kwetu haikufaa. Jicho likiinuka kuangalia watu, kurudi kwenye mstari ule ule kati ya mistari thelathini iliyofanana ni kazi, na kadiri unavyotafuta ndo hofu inapanda. Juu ya hapo ilikuwa kipindi cha mgao wa umeme, taa ikizima ibada ya jioni karatasi haisomeki. Mmoja akaweka mahubiri kwenye simu, katikati ya hoja ya pili ikaingia simu ya mtu, kioo kikabadilika chote, na akishaikata inabidi atafute upya alipokuwa.

Gharama: karatasi na fotokopi, kama Sh 6,000. Tumeacha.

11 Februari: kukariri (imeshindikana vibaya zaidi)

Hapa ndo wengi wetu tuliweka matumaini, kwa sababu sisi tumelelewa kwa kukariri. Katekisimu tumekariri, zaburi tumekariri. Lakini kitu kilichokaririwa neno kwa neno kila neno linaitwa na lile lililotangulia, likidondoka moja yote ya mbele yanafungika, ndo maana mtu akikatika kwenye shairi anarudi mwanzo wa ubeti. Kwenye mahubiri huwezi kurudi mwanzo wa ubeti. Mwinjilisti mmoja alisimama kimya muda mrefu akitafuta neno MOJA, na hoja alikuwa anaijua vizuri tu, tulipomuuliza baada ya ibada akaieleza yote bila karatasi.

Nilisoma kidogo kuhusu kumbukumbu. Mwanasaikolojia George Miller mwaka 1956 aliandika kwamba akili inashika vitu kama saba hivi kwa wakati mmoja, Nelson Cowan mwaka 2001 akashusha hadi karibu vinne. Ukiwa mimbarini kuna kufuatilia saa, kuna kuangalia watu, kuna maiki, kuna sentensi inayotoka sasa hivi. Ukijumlisha na mahubiri mazima unayoyabeba kichwani, mzigo umeshazidi.

Tulijaribu pia ile njia ya kale ya wasemaji wa Kirumi ambayo Cicero, mmoja wao, anaisimulia, ya kuweka kila hoja mahali fulani ndani ya jengo. Tukatumia kanisa lenyewe: hoja ya kwanza mlangoni, ya pili kwenye kisima cha ubatizo, ya tatu msalabani juu ya madhabahu. Mama mmoja wa kwaya imemkaa sana na bado anaitumia. Kwa wengine haikukaa, watu wakisimama kuimba kile kisima hakionekani tena, na wengine wanahubiri leo mtaa huu kesho mtaa ule, jengo sio hilo.

Siku hiyo hiyo likaja pingamizi ambalo lazima niliandike kwa sababu mtakutana nalo. Mzee wetu mmoja, mtu tunayemheshimu sana, alisema, "Wanangu, mnamwandalia Roho njia ya kupita? Yesu alisema msifikiri-fikiri mtakavyosema, mtapewa saa ile ile." Tukafungua Mathayo 10 tukasoma kuanzia mstari wa 17. Pale Bwana anaongea na watu watakaokamatwa na kupelekwa mabarazani na mbele ya maliwali. Mtu aliyekamatwa hana nafasi ya kujiandaa, na ahadi ni yake. Mimi mwenye kalenda ya kanisa inayonionyesha neno la Jumapili miezi kabla, siwezi kujificha kwenye ahadi ya mfungwa. Mzee alikaa kimya, akasema, "Hapo mmenipata, endeleeni." Na kuanzia hapo amekuwa nguzo ya kundi.

25 Februari: kadi moja

Kwaresma imeanza, zamu za katikati ya wiki ni nyingi, kwa hiyo nafasi za kujaribu zipo.

Spurgeon, yule mhubiri wa London wa karne ya 19 aliyekuwa anahubiria maelfu, alikuwa anapanda na karatasi moja tu yenye muhtasari. Tukasema basi, karatasi moja, manila ngumu isiyopeperushwa na feni, ukubwa wa nusu ya A4. Juu sentensi moja ya mahubiri yote, chini yake nguzo tatu, yaani hoja kuu tatu. Vitu vinne, basi.

Kadi za kwanza zilikuwa mbovu. Watu walijaza pande zote mbili, ikawa ni yale mahubiri ya Januari kwa maandishi madogo. Zilizoandikwa kwa wino mwekundu hazikusomeka chini ya taa. Na kadi nyingi zilikuwa na neno moja moja, "Toba", "Neema", "Familia". Ukiwa mezani Jumamosi usiku hilo neno "Toba" lina mahubiri yote ndani yake, ila ukiwa umekatika mbele ya watu mia mbili halikuambii chochote, unaliangalia na lenyewe linakuangalia. Vivyo hivyo na "Luka 15:17" tupu, hukumbuki uliweka mstari huo kwa ajili gani.

Dawa iliyofanya kazi: kila nguzo iandikwe kama tendo, kuna mtu anafanya kitu. Hii hapa kadi ya mwinjilisti wetu ya Luka 15, kisa cha mwana mpotevu, ameniruhusu:

BABA ALIMWONA ANGALI MBALI.
Kijana anaomba urithi baba akiwa hai.
Kijana anaanza safari na harufu ya nguruwe bado anayo.
Kaka mkubwa anakataa kuingia ndani.

Soma mstari wowote hapo hata kama hukuandaa wewe, unaweza kuongea. Hiyo ndo tofauti. Tulishaona Januari kwamba kwenye kisa watu hawapotei, sasa kila nguzo imekuwa kisa kidogo.

Na ile sentensi ya juu ina kazi maalumu, ndo mahali pa kurudi. Kila ukimaliza nguzo unaisema, kwa sauti, maneno yale yale. Mwanzoni vijana waliona ni kujirudia, lakini baada ya mara mbili waumini wanaanza kuisema na wewe, na ukifika hapo umepata kitu kikubwa mno: hata ukipotea, watu wote ndani ya kanisa wanajua nyumbani ni wapi. Ukienda Warumi, sentensi hiyo ndo inakutoa Warumi.

Manila moja Sh 700 inatoa kadi nane, marka nyeusi Sh 1,500.

17 Machi: spika

Kadi zilifanya kazi ndani ya kanisa, zikashindwa kwenye mkutano wa nje. Wahubiri wale wale, kadi zile zile, na wakaanza kukwama hovyo hata kwenye sentensi wanazozijua. Wakasema ni vita vya kiroho, na tuliomba kweli, silidharau hilo hata kidogo. Lakini kijana wetu wa mitambo akasema jamani sikilizeni wanavyoongea, wanavuta maneno, wanarudia silabi.

Honi, yaani ile spika ya umbo la tarumbeta, ilikuwa imefungwa kwenye nguzo mbali, kama mita 60 kutoka jukwaani, ili sauti ifike sokoni. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mhubiri anajisikia mwenyewe akiwa amechelewa karibu sekunde 0.18. Hili jambo linajulikana tangu mtafiti Bernard Lee alipoliandika mwaka 1950: mtu akisikia sauti yake ikichelewa kidogo, ulimi unavurugika, na ucheleweshaji wa karibu sekunde 0.2 ndo unaosumbua zaidi. Yaani sisi kwa mikono yetu tulipima umbali mbaya kuliko wote. Ukuta mrefu ukiwa mita thelathini na kitu mbele yako unafanya hivyo hivyo, maana sauti inaenda na kurudi, kwa hiyo wanaohubiri viwanja vya shule waangalie madarasa yako wapi.

Tukaleta spika ndogo ya kumsikilizisha mhubiri, ikae karibu naye, asikie sauti yake papo hapo kabla ile ya mbali haijafika. Siku ya kwanza ikapiga mluzi hadi watoto wakaziba masikio, kwa sababu iliwekwa nyuma ya mhubiri na maiki ikawa inaitazama. Maiki nyingi za mkononi zinasikia mbele, nyuma hazisikii sana, kwa hiyo spika inatakiwa ikae chini mbele ya mhubiri, ikimwangalia yeye, na mgongo wa maiki uelekee spika. Honi nayo tukaisogeza karibu na jukwaa ikageukia watu. Kukwama kukapungua siku ile ile, na mhubiri wa jioni alishuka akasema leo nimejisikia mwenyewe.

Spika ya mtumba Sh 280,000, kebo Sh 45,000, fundi Sh 30,000. Hiki ndo kipengele ghali kuliko vyote, na kama hamna hela, kusogeza honi peke yake ni bure na kunasaidia sana. Fanyeni hilo kwanza.

14 Aprili: mkalimani

Mitaa ya upande wa Monduli tunahubiri Kiswahili na mkalimani anaweka Kimaasai. Hapa watu wanapotea kila baada ya sentensi, maana unasema, unasubiri, mkalimani anaongea mara mbili ya ulivyoongea wewe, na ikifika zamu yako umeshatoka.

Kwanza tukasema tukate vipande vifupi. Ikaharibika zaidi! Mhubiri anasema "Yule kijana..." anasubiri, mkalimani naye anamwangalia. Mkalimani wetu, mama mwenye busara sana, alitueleza shida: Kimaasai kwa kawaida kinaanza na tendo, ndipo anayetenda. Ukimpa "yule kijana" bila kumwambia amefanya nini, hana pa kuanzia. Anabaki kukisia au kungoja, na wote wawili mnapoteza.

Basi sasa zamu moja ni wazo zima, mtu na alichofanya, hata kama sentensi inarefuka. Wakati wa kusubiri mhubiri haangalii watu, anaangalia kadi, tena nguzo ile ile aliyopo. Na badiliko kubwa ni kwamba mkalimani anapata kadi yake mwenyewe siku moja kabla. Zamani tulikuwa tunamshika mtu mlangoni, "mama, leo utatusaidia", jambo ambalo kwa kweli sio heshima kwa kazi ngumu kiasi kile. Sasa wako wawili wanaojua njia. Jumapili hii mhubiri alikatika kabisa, mama akageuka taratibu akamuuliza kwa Kiswahili, "Na kaka yake aliyekuwa shambani, baba?" Akaingia nguzo ya tatu, na waumini hawakujua kitu.

Gharama: nauli na chai ya mkalimani kuja kupitia kadi, Sh 5,000 kila mara. Msiibane hii.

28 Aprili: mvua juu ya mabati

Masika ya mwaka huu wote mnaijua. Semina ya jioni, mvua ikashuka katikati ya nguzo ya pili, na kanisa letu halina dari, mabati tu. Hata na spika husikiki. Mhubiri akanyamaza, kwaya ikaimba, tukakaa hivyo muda mrefu.

Mvua ilipopungua ndo tukaona kama mradi una maana. Mhubiri akaangalia kadi, akasema ile sentensi ya juu, waumini wakaimalizia, halafu akauliza waziwazi, "Tulimwacha kijana wapi?" Bibi mmoja benchi la mbele akajibu, "Bado yuko kwa nguruwe, baba, mtoe huko." Akaendelea kama hajakatishwa.

Hili la kuuliza lilileta mjadala mkali kwenye kikao. Wengine wanaona ni aibu, mhubiri anaonekana hakujiandaa. Mimi msimamo wangu ni kwamba asiyejiandaa hawezi kuuliza swali hilo, kwa sababu hata akijibiwa hajui pa kwenda. Nikawakumbusha Matendo 20, Paulo anahubiri usiku kule Troa, kijana Eutiko anasinzia anaanguka kutoka ghorofa ya tatu, Paulo anashuka, anamkumbatia, anapanda tena, anamega mkate na anaongea nao hadi alfajiri. Hakuna kukatishwa kukubwa kuliko kule. Tumekubaliana mhubiri aruhusiwe kuuliza, na wazee wa kanisa wawe tayari kujibu kwa sauti ili asiachwe peke yake.

19 Mei, Pentekoste: tulipofikia

Kadi ndo zinatumika mitaa yetu yote. Waliokuwa wameacha zamu, baadhi wamerudi, na mmoja wao amehubiri leo ibada ya pili, nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Kupotea bado kupo, hakuna aliyeahidi kuisha. Kilichopungua ni muda wa kubaki umepotea, na ile hofu ya wiki nzima kabla ya zamu.

Mambo matatu ya afya ambayo hayahusiani na kadi, tafadhali msiyachanganye. Mhubiri ambaye ghafla maneno yanavurugika, mdomo unaenda upande, mkono unakosa nguvu, huyo hajapoteza hoja, hiyo inaweza kuwa kiharusi, msianze pambio, mkimbizeni hospitali saa ile ile. Na mzee anayesahau mimbarini na nyumbani pia, anarudia maswali, anapotea njia anayoijua, aende akapimwe kwa upendo, sio kuondolewa zamu kimyakimya. Anayefunga siku anayohubiri naye apange vizuri usingizi wake na maji yake kama mfungo wake unaruhusu, usingizi hafifu tumeuona unavuruga watu kuliko hata njaa.

Gharama yote mpaka leo haijafika Sh 400,000, na karibu yote ni spika. Kadi peke yake, kwa kundi zima, ni chini ya Sh 15,000.

Kilichobaki ni mazishi. Pale unaambiwa saa tatu asubuhi, unahubiri saa nane, una huzuni yako mwenyewe, ratiba inabadilika ukiwa umeshasimama, na mara nyingi marehemu ni mtu wako. Kadi ya nguzo tatu ni ndefu mno kwa hali hiyo. Mama wa kwaya amependekeza nguzo moja tu na sentensi ya juu, mzee wetu anataka kila mhubiri awe na kadi mbili za mazishi zilizoandikwa mapema zikae ndani ya Biblia. Tunajaribu zote mbili kuanzia Juni, nitaandika zikishatumika.